Namna ya Kuchagua Hali ya Flashi: Mwongozo kwa Mpiga Picha Anayeanza

Kila msimu wa harusi unapokaribia, yaani Ramadhani inapomalizika na tena kuelekea Desemba, hupokea maswali yaleyale kutoka kwa vijana walionunua flashi yao ya kwanza. Niiweke kwenye TTL, flashi ijipimie mwanga yenyewe, au kwenye M, nipange nguvu kwa mkono? Kwa nini nyuso zinatoka nyeupe na nyuma kunakuwa giza tupu? Kwa nini picha ina mstari mpana mweusi upande mmoja? Nimeyajibu kwa simu mara nyingi, na kila mara maelezo hukatika katikati, kwa sababu jambo hili halieleweki mpaka mtu awe ameshika kamera. Kwa hiyo soma mwongozo huu ukiwa na kamera na flashi yako mezani, na ujaribu kila hatua nyumbani kabla ya kwenda nayo kazini.

Mambo mawili yatarudi mara kwa mara katika hatua zote. La kwanza ni kwamba hali ya flashi huchaguliwa kwa kuangalia umbali kati yako na unayempiga, kama unabadilika au umetulia. La pili ni kwamba mwanga wa flashi humulika aliye karibu, lakini shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, ndiyo inayoamua mandhari ya nyuma yaonekane au yazame gizani.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Kamera yenye hali ya M kwenye gurudumu lake la juu, na lenzi yoyote uliyonayo. Lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera inatosha.
- Flashi ya kupachika juu ya kamera, ambayo kichwa chake kinainuka na kugeuka pembeni. Ile ndogo iliyojengewa ndani ya kamera itakufaa kwa baadhi ya hatua tu.
- Betri nne za AA za kuchaji aina ya NiMH, pamoja na seti ya pili ya akiba. Betri za kawaida za dukani huchelewa kuijaza flashi, nawe utajikuta unasubiri wakati keki inakatwa.
- Mtu wa kukaa mbele yako, ukuta au dari nyeupe, na nguo mbili: moja nyeupe kabisa, kama kanzu au shuka, na nyingine nyeusi, kama buibui au koti la suti.

Ikiwa unanunua flashi ya mtumba, usipachike juu ya kamera ya kisasa flashi kongwe ya enzi za filamu bila kuuliza. Baadhi yake hupitisha volti kubwa kwenye vinundu vya mguso, vile vinavyokutana na kamera, na volti hizo zinaweza kuunguza saketi ya kamera.

Hatua ya 1: Jua flashi yako ina hali zipi

Washa flashi na ubonyeze kitufe cha MODE huku ukitazama skrini yake. Ukiona TTL (Canon huiita E-TTL, na Nikon i-TTL), flashi yako inaweza kujipimia mwanga. Ukiona M, unaweza kupanga nguvu kwa mkono. Ukiona na neno MULTI, hiyo ni hali ya kumulika mara nyingi mfululizo katika picha moja, na kwa sasa iache.

Wengi wanaonilalamikia kwamba TTL imeharibika wana flashi kama Godox TT600 au Yongnuo YN560, ambazo hazina TTL tangu zilipotoka kiwandani. Hazijaharibika, ila zimetengenezwa kwa ajili ya M peke yake, na ndiyo maana bei yake ni nafuu. Kama unataka TTL, hakikisha pia kwamba flashi inaendana na kampuni ya kamera yako: Godox TT685 yenye herufi C ni ya Canon, yenye N ni ya Nikon, na yenye S ni ya Sony. Ukipachika ya N juu ya Canon, inaweza kuwaka, lakini haitasikilizana na kamera katika kupima mwanga.

Hatua ya 2: Tenganisha M ya kamera na M ya flashi

Hapa ndipo wanaoanza wanapochanganyikiwa kuliko mahali pengine popote. Herufi M iliyo kwenye gurudumu la kamera inahusu shata na apacha, yaani upana wa tundu la lenzi. Herufi M iliyo kwenye skrini ya flashi inahusu nguvu ya mmuliko. Hivi ni vitu viwili tofauti, na hakuna kinachokuzuia kuweka kamera kwenye M huku flashi ikiwa kwenye TTL. Tena mimi nakushauri uanze hivyo hivyo: kamera M, flashi TTL.

Weka apacha f/5.6, shata 1/125 ya sekunde na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400. Zima ISO ya otomatiki, kwa sababu kamera ikiruhusiwa kuipandisha na kuishusha yenyewe, hutajua kilichobadilisha picha ni wewe, ni flashi, au ni kamera.

Onyo: usiweke kamera kwenye hali ya A (kwa Canon ni Av), ambapo wewe huchagua apacha na kamera huchagua shata, usiku ukiwa na flashi, hasa ukiwa bado mgeni. Baadhi ya kamera katika hali hiyo hutaka kuonyesha mandhari ya nyuma yaliyo gizani, kwa hiyo huteremsha shata mpaka nusu sekunde au zaidi, na picha nzima inatoka imetikisika ingawa flashi imewaka vizuri.

Hatua ya 3: Piga picha moja bila flashi

Zima flashi na upige. Picha hii inakuonyesha mwanga uliopo mahali hapo. Ikiwa ni nyeusi kabisa, basi flashi itabeba kazi yote na nyuma kutakuwa giza. Ikiwa unataka taa za ukumbi, mapambo au anga la jioni vionekane, teremsha shata hadi 1/60 au pandisha ISO hadi 800, kisha upige tena. Endelea mpaka mandhari ya nyuma yaonekane kwa kufifia kidogo, halafu ndipo uwashe flashi.

Usivuke kasi ya mwisho ambayo kamera yako inaelewana na flashi. Kwa kamera nyingi ni 1/200, kwa nyingine ni 1/250 au 1/160, na kitabu cha kamera kitakuambia. Shata ina mapazia mawili, moja likifungua na jingine likifuata kufunga. Ukizidisha kasi, pazia la pili linakuwa limeshaanza kufunika kihisio, sehemu inayonasa picha, wakati flashi inamulika, na hapo ndipo unapopata ule mstari mweusi.

Hatua ya 4: Chagua TTL au M kwa kuangalia umbali

Katika TTL, flashi hutoa mmuliko mdogo kabla ya ule mkubwa. Kamera hupima mwanga uliorudi kupitia lenzi, ikakadiria nguvu inayohitajika, kisha flashi ikamulika kwa nguvu hiyo. Yote hutokea kwa kasi ambayo jicho huona mmuliko mmoja. Faida yake ni kwamba mtu akikusogelea kutoka mita 6 hadi mita 2, nguvu inajirekebisha bila wewe kugusa chochote.

Katika M, nguvu ni ile uliyoiandika: 1/1 ni nguvu yote, 1/2 ni nusu, halafu 1/4, 1/8 na kuendelea, kwa flashi nyingi hadi 1/128. Haijali mtu amevaa nini wala amesimama wapi. Faida yake ni kwamba picha ya kwanza na ya hamsini zitafanana, mradi umbali ni uleule.

Basi tumia TTL wakati watu wanatembea: bi harusi anaingia ukumbini, wageni wanacheza, watoto wanakimbia, mwandishi anamfuata kiongozi anayeshuka kwenye gari. Tumia M wakati watu wamekaa: picha za familia jukwaani moja baada ya nyingine, pasipoti, bidhaa za dukani, chakula mezani. Katika foleni ya picha za jukwaani ambako wewe husogei na kila kundi linasimama palepale, M itakupunguzia saa nzima za kusawazisha picha kwenye kompyuta.

Ili kuanza na M, kaa mita 2 kutoka kwa mtu, elekeza flashi moja kwa moja, weka nguvu 1/16 kwa f/5.6 na ISO 400, upige na utazame. Picha ikiwa giza, panda hadi 1/8. Ikiwa imeungua, yaani nyeupe kupita kiasi, shuka hadi 1/32. Utafika mahali pake kwa picha tatu au nne. Kisha mwambie mtu huyo arudi nyuma hadi mita 4, upige bila kubadilisha chochote, uone picha inavyozama. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo, kwa hiyo utahitaji kupandisha nguvu kutoka 1/16 hadi 1/4 ili kurudi ulipokuwa. Zoezi hili dogo lifanye kwa macho yako mwenyewe. Maelezo yangu hayatoshi kuchukua nafasi yake.

Onyo: ukimaliza picha za jukwaani, rudisha flashi kwenye TTL kabla hujaondoka hapo. Katika moja ya harusi zangu za mwanzo niliacha flashi kwenye M, nguvu 1/2, nikakimbilia mlangoni kumpokea bi harusi aliyekuwa anashuka kwenye gari mita moja na nusu mbele yangu. Picha sita za kwanza uso wake haukuwa na pua wala mashavu, ulikuwa karatasi nyeupe yenye macho mawili. Hakuna programu iliyoweza kuzirudisha, na wakati ule haukurudi. Tangu siku hiyo nina desturi ya kuangalia skrini ya flashi kila ninapobadilisha mahali, hata nikiwa na haraka.

Hatua ya 5: Rekebisha TTL kwa nguo nyeupe na nyeusi

TTL haijui inachokitazama. Hukadiria kana kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani, mfano wa kijivu. Kwa hiyo ikikutana na safu ya wazee waliovaa kanzu nyeupe msikitini au barazani, huona weupe mwingi, ikadhani imemulika kupita kiasi, ikapunguza nguvu. Matokeo yake kanzu zinatoka za kijivu na nyuso za watu weusi zinazama kabisa. Ikikutana na akina mama waliovaa mabuibui, hufanya kinyume chake: inazidisha nguvu, buibui linaonekana la kijivu na uso unang'aa kwa mafuta na jasho.

Kwetu sisi jambo hili ni zito, kwa sababu tunapiga ngozi nyeusi na nguo nyeupe katika fremu moja karibu kila wiki, na mteja hutazama uso kwanza. Ufumbuzi ni kitufe chenye alama ya radi pamoja na + na −. Kwa kundi la kanzu au shela jeupe linalojaza fremu, anza na +2/3, na ikibidi nenda +1. Kwa mabuibui au suti nyeusi, anza na −2/3. Fanya jaribio la nyumbani kwa zile nguo mbili ulizoandaa: mtu yuleyule, mahali palepale, picha moja akiwa na nyeupe na moja akiwa na nyeusi, bila kurekebisha chochote. Weka picha hizo mbili ubavu kwa ubavu na utazame uso peke yake. Utaona kana kwamba ni watu wawili.

Ili ujue kama umezidisha upande wa pili, kuza picha kwenye skrini ya kamera na utazame tarizi ya kifuani mwa kanzu, pale karibu na shingo. Nyuzi zikionekana mshono kwa mshono, uko salama. Ikiwa kifua kimekuwa bamba tupu jeupe, punguza theluthi moja upige tena. Kwa bi harusi, tazama lesi ya shela kwa namna hiyohiyo.

Hatua ya 6: Geuza kichwa cha flashi

Flashi inayomulika usoni moja kwa moja huleta kivuli kikali ukutani, mng'aro kwenye paji la uso na macho mekundu. Kukiwa na dari nyeupe ya urefu wa mita 3 hivi, inua kichwa juu na kidogo kuelekea nyuma yako, ili mwanga urudi ukiwa mpana na laini. Usikielekeze juu kabisa ya kichwa cha mtu, kwa sababu mwanga utashuka wima na kuacha mashimo meusi machoni. Kama kuna ukuta mweupe pembeni, mimi huupendelea kuliko dari, kwa kuwa mwanga wa pembeni huonyesha umbo la uso. Mwanga ukizunguka hivyo hupoteza nguvu nyingi, basi pandisha ISO hadi 800 au 1600 bila woga.

Kabla ya kufanya hivyo, tazama juu. Hoteli nyingi za pwani zimeezekwa makuti, na makuti hunywa mwanga. Kile kidogo kinachorudi kina rangi ya kahawia. Hema la sherehe lililofunikwa kitambaa cheupe ni zuri ajabu, lakini likipambwa kwa vitambaa vya kijani au zambarau, rangi hiyo itashuka kwenye ngozi za watu na hutaweza kuiondoa bila kuharibu rangi ya nguo. Mahali kama hapo, au kwenye ukumbi wenye paa la mabati lililo juu sana, elekeza flashi mbele ukiwa umeifunika kifuniko cheupe cha kulainisha mwanga, usogee karibu, na upige kwa nguvu ndogo.

Hatua ya 7: Chagua wakati wa mmuliko

Kwa kawaida flashi humulika mara tu pazia la kwanza linapofunguka, na kwa kazi nyingi hiyo inatosha. Kuna hali tatu nyingine za kuzijua.

Ya shata ya taratibu, ambayo kwenye Nikon huandikwa SLOW, inafaa jioni. Ukimpiga mtu Forodhani, Unguja, jua likiwa limeshazama baharini na anga bado lina rangi, flashi ya kawaida itakupa mtu aliyesimama mbele ya pazia jeusi. Ukiwa kwenye M ya kamera, unaipata hali hii wewe mwenyewe kwa kuteremsha shata hadi 1/15 au 1/30. Mwombe mtu asimame tuli na wewe uegemee kitu.

Ya pazia la pili, yenye neno REAR kwenye Nikon na vishale vitatu kwenye Canon, humulika mwishoni mwa shata. Mchezaji ngoma akipigwa kwa 1/15, michirizi ya mwendo wake hubaki nyuma yake. Ukitumia hali ya kawaida, michirizi hutangulia mbele na mchezaji huonekana kana kwamba anarudi kinyumenyume.

Ya kupunguza macho mekundu, yenye alama ya jicho, mimi siitumii. Huwasha taa kwa karibu sekunde nzima kabla ya picha, na katika sekunde hiyo tabasamu limeshakwisha. Kugeuza kichwa cha flashi kunaondoa macho mekundu bila kuchelewesha chochote.

Hatua ya 8: Tumia flashi pia mchana

Wengi hushangaa nikiwaambia hivi. Saa sita mchana huku kwetu jua liko karibu utosini, na kila mtu anapata vivuli chini ya nyusi na pua. Msimamishe mtu jua likiwa nyuma yake, weka ISO 100, shata 1/200 na apacha f/11, kisha washa flashi kwenye TTL na uipunguze hadi −1, ili ijaze vivuli bila kujionyesha. Ukitaka apacha pana kama f/2.8 juani, utahitaji shata ya juu, na hapo utawasha hali ya kasi ya juu: kwenye Canon ni radi yenye H, na kwenye Nikon hufunguliwa katika menyu kwa jina la Auto FP. Fahamu kwamba hali hii hupunguza sana nguvu ya flashi, kwa hiyo lazima usogee karibu.

Kabla ya kumulika msikitini, kanisani au mahakamani, omba ruhusa. Usimulike kabisa machoni mwa dereva au mwendesha bodaboda aliye njiani.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Picha za mbali ni giza hata kwa nguvu yote.* Flashi imefika mwisho. Chukua namba ya nguvu (guide number) iliyoandikwa katika kitabu chake kwa mita, uigawe kwa apacha. Namba 40 kwa f/8 inakupa mita 5 kwa ISO 100, na mita 10 kwa ISO 400. Flashi ya ndani ya kamera yenye namba 12, kwa f/4, hufika mita 3 tu kwa ISO 100.

*Watu wanafumba macho kila picha.* Wanauitikia ule mmuliko mdogo wa TTL. Kwa makundi yaliyosimama, hamia M, kwa kuwa haina mmuliko wa kutangulia.

*Watu wana rangi nzuri lakini nyuma ni chungwa kabisa.* Balbu za ukumbi zina mwanga wa njano kuliko flashi. Bandika karatasi laini ya plastiki ya rangi ya chungwa kwenye kichwa cha flashi, kisha weka mizani ya rangi (white balance) ya kamera kwenye alama ya balbu.

*Nyuma kuna michirizi ya giza na mwanga.* Taa za umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jaribu shata ya 1/100 au 1/50.

*Flashi inaruka picha au imegoma kabisa.* Subiri taa yake ya kuonyesha kwamba imejaa. Ukimulika mfululizo kwa nguvu yote hupata joto na kujizima ili isiungue. Iache ipoe dakika kadhaa, badilisha betri, na ufute vinundu vya mguso kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho na chumvi ya hewa ya pwani huvifunika utando. Kama bado imegoma, au iliingia maji, mpelekee fundi wa kamera na usiifungue mwenyewe hata kama umetoa betri. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme wa karibu volti 300, na umeme huo hubaki humo kwa muda baada ya kuzimwa.